Kengele Kwenye Kipilefti

Kabla ya mwaka ule wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, pale Same hakukuwa na haja ya kumfundisha mtu kuvuka barabara. Njia ya Moshi, ya Korogwe na ile ya kupanda mlimani zilikutana kwenye uwanja mmoja wa vumbi, na kila mtu alikatiza alipotaka. Mama aliyeteremka kutoka Vudee na tenga la ndizi kichwani alinyoosha moja kwa moja mpaka gulioni, hatua arobaini hivi, na lori lililomkuta lilimngoja. Lilimngoja kwa sababu madereva wenyewe hawakujua nani apite kwanza, basi wote walikwenda polepole, wakichunguliana. Ilikuwa fujo, hakuna anayebisha, lakini katika fujo hiyo hakufa mtu.

Kisha kikaletwa kipilefti.

Fanueli ndiye aliyekijenga. Si peke yake, maana vibarua walikuwa kumi na wanane, lakini jiwe la ukingo lilipita mikononi mwake, moja baada ya jingine. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa Ngujini kule Ugweno, aliyehamia Same kufuata kazi za barabara na madaraja. Fundi wa kweli, asiyejivuna, ila ukimsifia jiwe lake utamwona anavyoinama kujifanya anatafuta nyundo.

Kazi yenyewe ilipimwa hivi. Bwana Injinia, Mzungu mmoja mrefu aliyeletwa kutoka mbali kwa shughuli hiyo tu, aliagiza lori refu kuliko yote yaliyobeba katani katika nchi ile. Lilipofika, akamwambia dereva azunguke uwanjani bila kupunguza mwendo na bila kubadili gia. Vibarua wakalikimbilia nyuma wakimwaga chokaa kwenye alama za magurudumu. Dereva alizunguka mara tatu, anacheka, vumbi limewafunika. Chokaa ile ndiyo ikawa duara. Lori likapewa nafasi yote liliyoitaka, na kilichobaki nje ya chokaa ndicho kilichobaki kwa wengine.

Katikati wakajaza kifusi kikawa kilima, juu yake wakapanda mikonge na kusimamisha mlingoti wa bendera. Pembeni, kwa sababu maji ya mlimani yana wazimu wakati wa mvua, wakachimba mtaro wa kina cha kiuno na kuujengea kwa mawe pande zote mbili. Baina ya mtaro na barabara ulibaki ukingo wa mawe wa upana wa mguu mmoja. Kwenye kila mdomo wa barabara kikachomekwa kibao cha Kiingereza cha kuwaamuru madereva washike kushoto, Keep Left, na watu wa Same wakayachukua maneno hayo wakalibatiza duara lote kwa jina hilo.

Siku moja ramani ilipotandazwa juu ya pipa, Fanueli aliona mstari wa pili nje ya ule wa ukingo. Ulikuwa umekatwa kwa penseli nyekundu. Akamuuliza karani Simeoni, ambaye alikuwa Mpare mwenzake na alisoma Kiingereza.

"Hiyo ilikuwa njia ya wenye kwenda kwa miguu," Simeoni alisema kwa sauti ya chini. "Imefutwa. Mawe hayatoshi, na sherehe ni mwezi wa sita."

Fanueli akapiga moyo konde, akavua kofia, akamwendea Bwana Injinia.

"Bwana, samahani. Wenye miguu watapita wapi?"

"Pale," Injinia akaonyesha ukingo.

"Pale panaenea mguu mmoja, Bwana. Wawili wakikutana?"

"Mmoja atampisha mwenzake."

"Ampishe aende wapi, Bwana? Huku mtaro, huku lori."

Injinia hakuwa mtu mbaya. Alimtazama Fanueli kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini usiku kuna giza. "Watazoea," alisema. "Hata kwetu watu walizoea." Akakunja ramani yake.

Sasa tuseme kweli. Fanueli hakuwa mtetezi wa watembea kwa miguu wote wa Tanganyika. Aliuliza kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mama mkwe wake.

Alikuwa akiitwa Kaanaeli, mjane, mwenyeji wa Vudee. Kwa miaka sita tangu amwoe binti yake Priska, Fanueli alikuwa hajamwona uso wala hajasema naye hata neno. Si kwa ugomvi. Ni heshima. Kwa watu wale mkwe haangaliwi, hatajwi jina, na mkikutana njiani yule anayemtambua mwenzake kwanza hutoka njiani, huingia majanini, humpa mgongo na kusimama mpaka hatua zimpite. Mchungaji alikwisha kuhubiri mara mbili kwamba Mkristo anaweza kumwamkia mama mkwe wake bila dhambi. Kaanaeli, aliyekuwa akikaa benchi la mbele kanisani, alisikiliza mpaka amina, akarudi nyumbani na kuendelea vilevile.

Basi wawili hao walijitengenezea lugha yao. Mama alipokaribia mahali anapoweza kuwapo mkwewe alianza kuimba wimbo wa kanisani, ule ule kila siku, ubeti wa pili kwanza. Fanueli naye, aliyekuwa na baiskeli, alipokaribia mahali anapoweza kuwapo mama alipiga kengele mara mbili. Wimbo maana yake ninakuja. Kengele maana yake nipo, nipishe. Haikupata kukosea. Mara ngapi, kwenye kona za njia ya Vudee, Fanueli alipiga kengele yake, kisha akapita akiona kwa pembe ya jicho mgongo wa kanga katikati ya migomba na visigino viwili vilivyopasuka, kimoja kina kovu la jembe. Visigino hivyo alivijua kama anavyojua patasi yake.

Na mama alipokuja nyumbani kwao Same ndiyo ilikuwa vichekesho. Fanueli alitoka kwa mlango wa nyuma, akaketi kwenye jiwe lake nyuma ya jiko, na mama akaingia kwa mlango wa mbele. Ukuta baina yao ulikuwa wa fito na udongo, hata pumzi inapenya.

"Mwambie baba Eliufoo," mama anasema, "mlango wake unaliwa na mchwa."

"Baba Eliufoo," Priska anapaza sauti, "mama anasema mlango unaliwa na mchwa."

"Mwambie mama nimesikia," anajibu Fanueli, ambaye amesikia tangu mara ya kwanza.

Walipendana hivyo. Usidhani hawakupendana.

Huyo Eliufoo, mtoto wao, alizaliwa mwezi wa pili mwaka ule ule, na nusura amwue mama yake. Priska alipoteza damu nyingi. Miezi ikapita bado anashika ukuta akitembea, na maziwa yakawa yanatoka leo, kesho yanakauka. Watoto wawili wa kwanza walikuwa wamekwisha kufa wangali wachanga, kwa hiyo hakuna aliyelifanyia mzaha jambo hilo. Mama yake Priska aliyajua majani ya kuchemsha na supu, yanayoota kwenye vijito vya juu tu, na hayakai, siku ya nne yameharibika. Kila siku ya gulio aliteremka nayo ndani ya tenga la ndizi. Alipoyaleta, mtoto alishiba. Wiki moja aliyokosa kuja kwa homa, mtoto alilia siku tatu mpaka sauti ikakatika. Ndiyo maana Fanueli alivua kofia mbele ya Injinia. Uhai wa nyumba yake uliteremka mlimani kwa miguu mara moja kwa wiki, na yeye mwenyewe alikuwa anaujengea mtego.

Alifanya alichoweza. Aliyachukua mabamba matatu ya mawe yaliyobaki, akayalaza juu ya mtaro upande wa mlimani, yawe kidaraja, ili mtu aliyebanwa ukingoni apate pa kuponea. Yalikaa siku tisa. Katika siku tisa hizo kina mama waliyapita wakimwombea baraka aliyeyaweka. Wiki ya sherehe Injinia akayaona, akasema yanaziba maji na kuharibu sura ya mtaro. Vibarua wakayang'oa. Yakatiwa chini ya mlingoti wa bendera, na siku ya sherehe wageni waliyakanyaga kwa viatu vilivyong'aa.

Baada ya hapo kipilefti kikaanza kula. Lori lililokuwa likisita sasa lilikuja moja kwa moja, likalala kwenye kona na kutoka bila kugusa gia, kama lilivyopimiwa. Koileken, mfugaji wa tambarare, aliipitisha mifugo yake katikati ya mikonge kama vile hakuna kitu, maana ndiyo njia ya ng'ombe wake toka zamani, akalala rumande siku mbili. Gideoni, aliyekuwa akiuza mikate kwa baiskeli, aliambiwa kwamba yeye ni gari na azunguke na magari. Akazunguka. Lori la nyuma halikumgusa hata kidogo. Lilimsogelea tu, likamsogelea, mpaka gurudumu lake likapanda ukingo na yeye akaingia mtaroni na kapu zima. Alivunjika mfupa wa bega. Mikate ililiwa na kunguru. Tangu siku ile Gideoni aliikokota baiskeli yake, na baiskeli inayokokotwa pale ukingoni haimwachii mtu mwingine nafasi ya kupita.

Fanueli hakulala vizuri. Akamwambia Priska amwambie mama asipite tena kipilefti. Apitie korongoni, chini ya daraja la reli, atokeze nyuma ya gulio. Ni mbali, kuna mawe na miiba, lakini korongo ni kavu miezi yote ya kiangazi.

"Mwambie baba Eliufoo," mama alisema nyuma ya ukuta, "magoti yangu hayalipendi korongo lake."

"Mwambie mama," alisema Fanueli, na safari hii hakumngoja Priska arudie, "mwambie namwomba."

Ilikuwa karibu sana na kusemeshana, na wote watatu waliona aibu.

"Mwambie nitapita," mama akasema.

Na akapita, toka mwezi wa saba mpaka wa kumi, akihema na kulalamika, na Fanueli akapata usingizi. Kumbe alisahau vuli.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio, mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi. Fanueli alikuwa anajenga kalvati la kupitishia maji kwenye barabara ya Moshi, mwendo mfupi kutoka mjini. Jua la Same lilikuwa linachoma kama kawaida, hakuna tone. Akainua macho kujifuta jasho, akaona mlima wa Vudee haupo. Umemezwa na wingu jeusi mpaka kiunoni. Mvua ikipiga kule juu, korongo la chini hujaa maji mekundu kwa dakika chache, na hakuna mwenye akili anayeliingia. Mama alikuwa amekwisha kuteremka saa hiyo. Atalikuta korongo limejaa. Atarudi barabarani. Atapita kipilefti.

Hakumuaga hata mnyapara. Alirukia baiskeli na mikono yake ina saruji.

Njiani alipanga. Atasimama kwenye mdomo wa barabara ya Korogwe, ambako malori hayapunguzi mwendo, na mama atakapofika atayanyoshea mkono yasimame, huku yeye amegeukia upande wa pili ili mama apite kwa heshima yake. Ungekuwa mpango mzuri. Tatizo lake moja tu, ulitaka dakika mbili zaidi.

Alipofika kipilefti ilibidi ashuke na kuikokota baiskeli ukingoni, maana nyuma yake kulikuwa na gari. Kilima cha mikonge kilimziba, haoni ng'ambo. Mtaroni maji yalikuwa yameshaanza kupita kwa kishindo. Ndipo akausikia wimbo, ubeti wa pili. Akatupa jicho, na juu ya ncha za mikonge akaona tenga la ndizi mbichi linaelea, linazunguka duara kumjia yeye. Mama alikuwa amekwisha kuingia ukingoni. Na nyuma ya wimbo, upande wa Korogwe, Fanueli akasikia lori.

Alitaka kumwambia asimame. Hilo tu. Simama hapo hapo ulipo, usisogee, lipite. Angesimama ukingoni, mguu mbele ya mguu, lori lingepita na upepo wake na lisingemgusa.

Lakini amwambieje? Miaka sita hakupata kutoa neno likaenda moja kwa moja kwa yule mama. Kinywa chake kilikuwa hakina njia ya kufika kule. Mkono ndio uliokuwa nayo. Mkono ukafanya ulichozoea, ukapiga kengele mara mbili.

Na papo hapo, kama ilivyompasa, akageuka akampa mama mgongo.

Kaanaeli aliisikia. Nipo, nipishe. Kwenye njia ya Vudee angeingia majanini. Hapa mkono wa kushoto ulikuwa mtaro unaonguruma maji, akaingia upande uliobaki. Alishuka barabarani hatua mbili tatu, kwa adabu, akaukabili mtaro ili ampe mgongo mkwewe wa ng'ambo ya kilima, na kwa kumpa mkwe mgongo akalipa mgongo hata lori lililokuwa linakizunguka. Walisimama hivyo wote wawili, kila mmoja amemgeuzia mwenzake kisogo, wanaheshimiana.

Fanueli alisikia wimbo ukikatika katikati ya neno. Akasikia breki. Akasikia ndizi zinamwagika. Bado hakugeuka. Alikuwa anangoja hatua za mama zimpite nyuma, anazisikilizia, kama siku zote. Alingoja mpaka dereva alipoanza kulia.

Dereva aliitwa Athumani, mtu mzima wa Korogwe, baba wa watoto saba. Alikaa chini barabarani akishika kichwa. "Kaniingilia," alikuwa akisema, "mama wa watu kaniingilia, kasimama tu, kanipa mgongo, kwa nini anipe mgongo?"

Askari akaja. Akamfunika mama kwa kanga yake mwenyewe kuanzia kichwani, akawauliza watu kama kuna anayemjua. Fanueli akasogea. Aliona miguu imetokeza nje ya kanga, visigino vimepasuka, kimoja kina kovu la jembe.

"Ninamjua," alisema.

"Umemjuaje, hujamwona uso?"

"Kwa miguu."

Askari akadhani amerukwa na akili, akafunua kanga ili ahakikishe. Fanueli akautazama uso wa mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa Priska uliozeeka. Hata kidoti cha juu ya nyusi walikuwa nacho wote wawili, na hakuna aliyewahi kumwambia. Akapiga magoti, na mila yote ikawa imekwisha kazi yake, akamwita, "Mama." Akamwita tena. Neno lilitoka kwa urahisi wa kutisha. Lilikuwepo mdomoni siku zote.

Baada ya maziko Fanueli aliitwa kutoa maelezo. Karani Simeoni ndiye aliyeandika. Alikuwa ametandaza fomu mezani na kalamu imechovywa, lakini haandiki.

"Pana sehemu tatu," Simeoni alisema. "Uzembe wa dereva, ubovu wa gari, uzembe wa mtembea kwa miguu. Nichague moja."

"Andika ukingo ni mwembamba."

"Hakuna sehemu hiyo."

"Andika alikuwa ananipisha. Wewe Mpare, Simeoni. Unajua. Na kwako una mama mkwe."

"Najua." Simeoni aliangalia dirishani. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Ninajua yote, ndugu yangu. Lakini nikiandika kwamba alikufa kwa sababu ya mkwe, atakayesoma huko juu atacheka. Sitaki mama yule achekwe." Akavuta pumzi, akatia alama kwenye sehemu ya tatu.

Wiki mbili baadaye ikaja amri kutoka kwa Injinia. Ili watu wasiendelee kuingia barabarani ovyo, ukingo uinuliwe kwa mawe mawili zaidi, na kibao kisimamishwe kwa Kiswahili kuwakataza wenye miguu na wenye kukokota baiskeli kupita kipilefti. Wapitie korongoni. Fanueli akasema, bwana, ni vuli, korongo limejaa. Akajibiwa kwamba vuli haidumu. Akapewa nyundo yake. Aliinua ukingo ule, jiwe kwa jiwe, na kwenye mchanga chini ya magoti yake kulikuwa bado na madoa. Unaweza kuuliza kwa nini hakukataa. Alijiuliza na yeye. Hakubaki na nguvu ya kukataa kitu chochote, hayo ndiyo majibu. Na siku ya gulio iliyofuata kina mama waliteremka, wakalitazama korongo, wakakitazama kibao, wakapita kwenye ukingo ule ule, sasa wakiwa juu zaidi, wanayumba.

Nyumbani maziwa ya Priska yalikuwa yamekauka. Eliufoo alipewa uji mwepesi kwa kijiko na kuutapika. Priska hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Aliuliza swali moja tu, jioni ya matanga, wageni walipokwisha kuondoka.

"Ulimwona kabla?"

"Niliona tenga."

"Kinywa ulikuwa nacho?"

Fanueli akaanza kumweleza habari ya mila.

"Mimi siulizi habari ya mila," Priska alisema. "Mila ninazijua, nimezikuta. Ninauliza, kinywa ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho."

Hakuuliza tena. Siku zikapita hivyo, anapika, anaweka chakula, anaondoka. Fanueli alidhani ni msiba, utapoa.

Jioni aliyomaliza kazi ya ukingo alirudi nyumbani akiikokota baiskeli. Alifika kimya, kwa kuwa tangu siku ile hakuweza kuigusa kengele. Akaingia kwa mlango wa mbele. Priska alikuwa ameketi na mtoto mapajani, na kwa kutomtegemea alishtuka. Akamkumbatia mtoto, akainuka, akasogea mpaka ukutani. Akageuka akampa mgongo, akasimama akingoja apite. Alisimama hasa kama mama yake, kichwa kimeinama, kanga imevutwa mabegani, na visigino vyake, ambavyo Fanueli hakupata kuvitazama vizuri, vilikuwa vimeanza kupasuka.

"Mama Eliufoo," Fanueli alisema. "Ni mimi."

"Ninajua ni wewe," Priska aliuambia ukuta. "Siku nyingine ukija piga kengele, nipate pa kukupishia."

Fanueli akatoka, akaizunguka nyumba, akaketi kwenye lile jiwe nyuma ya jiko.